Ng'ombe Huitwa, Hahesabiwi

Garsen,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa binti yangu Qabale, Mombasa.

Assalamu alaykum. Mimi baba yako Kalla Abduba nina miaka sabini na tisa. Nimekizika kivuko cha Garsen kile cha kuvutwa kwa kamba, nimewazika wake wawili, wa pili ni mama yako, Mungu awarehemu, machifu sita, redio nne, mafuriko ya El Nino yaliyolala ndani ya nyumba yangu majuma matatu, na ukame uliowala ng'ombe wote wa baba yangu. Daktari aliyeniambia nina miaka miwili ya kuishi, yeye ndiye aliyetangulia. Hao nawahesabu kwa sababu wamekwisha. Nakuandikia haya ili ujue ni nani uliyemwachia tableti yako ukamwambia "fuata maagizo".

Barua nimeiandika kwa mkono wangu. Simu unajua siisikii, mtu akiongea ndani yake ni kama nzi kwenye kibuyu. Na wanaosema Kalla hajui kusoma, waambie nilikuwa wa kwanza katika darasa la ngumbaru, na siku nilipoondoka mwalimu alilia.

Sasa mambo ya tableti. Niliiwasha. Ikasema KARIBU! TUANZE. Nikafurahi, maana adabu naijua. Ikaniuliza jina, nikaipa. Ikataka neno la siri. Nikaandika jina la fahali wangu wa zamani, yule aliyemtupa askari mtoni. Ikakataa, ikasema neno ni dhaifu. Dhaifu! Fahali yule! Nikamwita Randu na pikipiki yake, maana yeye alisoma mpaka darasa la saba, akaniongezea nambari na kile kidude kama chapa ya ng'ombe. Ikakubali. Kesho yake nikaiwasha tena, ikanikaribisha kama mtu asiyenijua, na chini ikaandika UMESAHAU NENO LA SIRI? Kabla sijajibu! Huyu aliyeitengeneza ana wazee kwao?

Lakini sitasema uongo, kitu hiki kinanivuta. Kuna gurudumu lenye meno pale juu. Nikiligusa inafunguka nyumba nyingine, na ndani ya nyumba mlango, na ndani ya mlango kuna maneno mengine. Swaleha akiwa anapima maziwa ya akina mama mimi niko pembeni nafungua milango. Kuna ripoti. Kuna wateja. Kuna kitu kinazunguka zunguka kama ng'ombe mwenye wazimu halafu kinaacha. Kinatafuta nini?

Basi nikaanza kazi uliyonipa, kuandika ng'ombe wa maziwa wa kila mama anayeleta maziwa kituoni kwako. Nikagusa BIDHAA, nikagusa MIFUGO. Ikataka jina la mwenyewe. Nikaandika Bishara, jirani yetu. Ikatoa kisanduku cha pili: IDADI.

Hapo nikaizima.

Wewe ulizaliwa ubavuni mwa zizi, Qabale. Unajua. Ng'ombe hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, umemwonyesha mwenye kuchukua pa kuanzia. Mimi jioni nikitazama zizi najua nani hajarudi, kama unavyojua kwa ulimi ni jino gani limeng'oka. Hesabu ya nini?

Niambie kisanduku hicho kinarukwaje. Na hiyo kozi yako ya biashara inakwendaje? Mwalimu ni mwanamume au mwanamke? Mnakaa chini au kwenye viti?

Ni mimi baba yako,
Kalla Abduba


Mombasa,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Aba,

Waalaykumu salaam. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Jibril, aliifuata ofisi ya basi akitoka kazini bandarini. Huyo mkwe wako anakusalimu na anauliza kama kweli mwalimu wa ngumbaru alilia kwa huzuni.

Kisanduku cha idadi hakirukwi, Aba. Ngoja nikueleze upya, kwa sababu siku ile naondoka nilisema haraka na wewe ulikuwa unanitazama midomo tu.

Kiwanda cha maziwa cha Malindi kinataka kituo kimoja tu katika Garsen nzima. Kituo kitakachochaguliwa, maziwa yake yote yatachukuliwa kila asubuhi kwa mwaka mzima, na kitaletewa tangi la kupoza. Kitakachokosa, akina mama wake watarudi barabarani na madumu, maziwa yachachuke saa sita juani kama zamani. Unamkumbuka Bishara alivyokuwa anamwaga maziwa mtaroni huku analia? Mimi namkumbuka. Ndiyo maana nilifungua kituo. Miaka minne, Aba, nilianza na mtungi mmoja na kivuli cha mabati.

Sasa kiwanda kinasema: kila ng'ombe wa maziwa awe ndani ya mfumo kabla ya tarehe 31 Julai. Anayekagua ni msichana anaitwa Pauline. Yuko Malindi, anafungua mfumo wetu akiwa mezani kwake na kuona kila unachoandika. Ndiyo, anaona. Kile kinachozunguka ndicho kinachopeleka habari kwake.

Swaleha hawezi kazi hii. Lita anazijaza vizuri kwa sababu tarakimu anazijua, lakini kusoma hajui, na ng'ombe wa watu hawajui. Hakuna mtu Garsen anayemjua kila ng'ombe wa kila nyumba isipokuwa wewe. Hilo sisemi kukusifu, sifa unazo za kutosha za kujipikia mwenyewe.

Andika idadi. Ni nambari tu, Aba, haina macho wala meno. Ikifika mwisho wa mwezi hujaandika nitapanda basi nije niandike mimi.

Kozi inaendelea. Tunakaa kwenye viti.

Binti yako,
Qabale


Garsen,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mama,

Kaa vizuri kwenye hicho kiti chako usikie baba yako alivyoishinda mashine.

Nilijiuliza hivi: bidhaa ni nini? Sukari ni bidhaa. Betri ya tochi ni bidhaa. Bidhaa hukaa rafuni ikingoja vumbi. Ng'ombe huamka kabla yako, huenda majini kwa miguu yake, hurudi na maziwa asubuhi na jioni, Ijumaa na Jumapili. Huyo atakuwaje bidhaa? Nikarudi nyuma, nikafungua mlango mwingine, na Mungu akanionyesha: WAFANYAKAZI.

Wewe! Pale ndipo penye adabu. Hapaulizi idadi. Panauliza JINA. Nikaandika Dimtu. Panauliza JINA LA MZAZI. Nikaandika Burre, mama yake, yule wa mabaka wa Swaleha. TAREHE YA KUANZA KAZI, nikaandika siku aliyozaa mara ya kwanza, Ijumaa ya pili baada ya maji ya mwaka jana kushuka, na Randu akanitafutia tarehe yake. KITENGO, nikaandika nyumba ya Bishara. NAMBARI YA KITAMBULISHO, nikaeleza sikio lilivyokatwa. SIMU, nikaandika hana. Na chini kabisa kuna MAONI, hapo nikasema ukweli wa kila mmoja. Dalati: mwenye nguvu, ana hasira, usisimame kushoto kwake.

Siku tano Randu ananibeba kwenye pikipiki, zizi hadi zizi. Akina mama wananitolea chai, wanasema "Mzee Kalla sasa ni karani wa serikali." Sikuwakatalia. Kila jioni vidole vinaniuma lakini roho haijashiba. Jana nimegundua kuna LIKIZO! Unagusa jina, unachagua sababu, inawaka kitone cha kijani. Ng'ombe aliyekaushwa maziwa akingoja kuzaa, huyo haji kazini, si kweli? Nikatafuta sababu. Ugonjwa, hapana. Msiba, hapana. Ya mwaka, hapana. Halafu nikaiona: LIKIZO YA UZAZI. Nilicheka hadi Swaleha akaja kuona kama nimeanguka.

Juu ya ukurasa mashine inaonyesha jumla yao. Hiyo nimeibandika plasta. Mimi sikuhesabu, imehesabu yenyewe, dhambi ni yake.

Umesema utapanda basi uje. Njoo! Nani kakuzuia? Toka Mombasa hadi hapa ni saa sita, mimi nilikwenda Bura kwa miguu mara mbili kukataa shamba la skimu ya umwagiliaji walilotaka kunipa. Njoo uone kazi ya mtu mzima.

Ila hebu niambie, hiyo kozi mnaandika mkiwa mmelala? Maandishi yako yamelala upande kama ng'ombe mwenye tumbo. Zamani yalikuwa yamesimama.

Kalla Abduba, karani


Mombasa,
Ijumaa, 27 Juni 2025

Aba!

Pauline amenipigia simu jana. Nakuandikia kama alivyosema.

"Dada Qabale, mbona kituo chako kina wafanyakazi wengi kuliko kiwanda chetu? Mnawalipa nini? Na huyu Dimtu Burre, hana simu, sikio lake limekatwa mara mbili. Alipata ajali kazini? Ameandikiwa na daktari?"

Kisha akauliza: "Na Dalati, kwa nini ana hasira? Kuna malalamiko yoyote mnayoyaficha?"

Nilipomwambia ni ng'ombe, aliniomba nirudie. Alinitajia na jumla yao. Siiandiki hapa, karatasi inakaribia kujaa.

Yeye si mtu mbaya, lakini ana wakubwa wake. Kwenye mifugo kwetu anaona sufuri. Vituo vingine vyote vimejaza. Amesema wazi, kama mambo yatabaki hivi atatuondoa kwenye orodha, na ukaguzi ni mwezi ujao.

Kwa hiyo wafute wote. Gusa jina, chini kuna FUTA. Mmoja mmoja mpaka waishe. Halafu rudi kwenye MIFUGO, andika idadi kwa kila mama. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na kwa kuwa nakujua, nimemwambia Jibril anikatie tiketi. Basi la Alhamisi, tarehe 10 Julai. Nitakuja nifanye mwenyewe, ukitaka usitake. Sitakubali kituo kife kwa sababu ya kisanduku.

Maandishi yamelala kwa sababu meza ni fupi.

Qabale


Garsen,
Jumatano, 2 Julai 2025

Qabale,

Usije.

Barua hii anaipeleka kondakta mwenyewe hadi mlangoni kwenu, nimempa maelekezo na nimemtisha. Tiketi irudishwe.

Nilikaa leo asubuhi kufuta kama ulivyosema. Nilianza na Dimtu. Nikagusa FUTA. Mashine ikaniuliza: UNA UHAKIKA UNATAKA KUMWONDOA KABISA? Mwanangu, mimi nimechinja, nimeuza, nimeona wakichukuliwa na maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kidole kikasimama. Nikasema ngoja, nianze na wale walio likizo, hao angalau hawapo zizini, hawataona.

Nikafungua orodha ya likizo. Vitone vya kijani. Wa kwanza wa nyumba ya Swaleha. Wa pili wa nyumba ya Bishara. Wa tatu akanitatiza, maana sikumwandika mimi. Nikakuza herufi mpaka zikajaa kioo. Qabale Kalla, meneja. Toka tarehe 26 Mei. Na sababu yake niliisoma bila msaada wa Randu, kwa sababu ndilo neno nililolijua kuliko yote humo ndani.

Nikaizima. Nikaiwasha. Bado ulikuwa pale.

Sikuulizi chochote. Mimi ni baba, kuna mambo baba hayaulizi na binti hayasemi, na mama yako ambaye angeuliza hayupo. Nitakuambia habari za ng'ombe tu.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja kabla hujazaliwa, mzuri, mwenye akili kuliko wachungaji wake. Akapoteza ndama tumboni mara mbili. Mara ya tatu watu wakasema muuze. Nikasema mnyamaze. Ng'ombe aliyepoteza mara mbili havushwi mto. Harushwi mtaro. Hapelekwi malishoni na wenzake, nyasi anakatiwa na kuletewa alipo. Nilimkatia mimi, kwa panga, miezi mitatu, na watu wakicheka. Hata sauti sikumpandishia.

Nami nilikuandikia njoo. Nilikuandikia nani kakuzuia. Barabara ile na mashimo yake.

Lala. Meza fupi usiitafutie ndefu. Kituo ni changu mpaka nikwambie vinginevyo, na wafanyakazi wako hakuna nitakayemfuta.

Baba yako


Mombasa,
Jumapili, 6 Julai 2025

Aba yangu,

Jibril amenisomea barua yako mara mbili, mara ya pili akasimama dirishani.

Hakuna kozi. Nilikudanganya na ninaomba radhi. Mimi ndiye mtu ambaye mashine ikimuuliza sababu ya likizo anajaza ukweli, lakini baba yake akimuuliza anasema kozi. Sikudhani utafika ukurasa ule. Nilidhani utaishia kwenye neno la siri.

Daktari amesema nilale mpaka mwisho. Nisipande ngazi, nisipande gari. Ile tiketi ilikatwa kweli. Mimi na Jibril hatukusemezana siku mbili kwa ajili yake. Lakini nilikuwa nalala hapa nikiona madumu ya Bishara barabarani, nikasema acha, nitakwenda taratibu.

Nilificha kwa sababu zile mara mbili za kwanza ulijua mapema, ukachinja, ukafurahi mbele za watu, na mimi nikarudi na mikono mitupu mbele ya watu walewale. Safari hii nikasema asijue mtu. Nesi kila akija anataka kuniambia ni majuma mangapi. Namwambia nyamaza. Juzi alitaka kuniambia na jingine, kitu alichokiona kwenye picha ya tumbo. Nikaziba masikio kama mtoto. Nguo sijanunua hata moja.

Halafu nikakumbuka barua niliyokuandikia, kwamba nambari haina macho wala meno.

Kwa hiyo sitakuambia tena uandike idadi. Sina haki hiyo. Lakini kiwanda kina haki ya kukataa, Aba, na hilo nimelikubali. Pauline amesema atakuja Garsen mwenyewe Jumanne tarehe 22 akague kwa macho. Akikuta si sawa, basi. Mpokee vizuri. Usijifanye hukusikia kila asemapo jambo usilolipenda. Najua unavyofanya.

Ninalala.

Binti yako,
Qabale


Garsen,
Alhamisi, 24 Julai 2025

Kwa meneja wa kituo, akiwa amelala.

Nitakueleza yote kwa mpangilio wake, usiruke mistari kutafuta mwisho. Nakujua.

Pauline alifika alfajiri ya Jumanne, kofia kubwa, viatu vya mvua na jua linatoka. Msichana mwembamba, Mtaita kwa kusema kwake. Akaniinamia sikioni akapiga kelele: "Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeuliza kama ng'ombe wanalipwa?"

"Ndiye mimi."

"Wanalipwa. Nyasi, chumvi na dawa ya kupe. Andika."

Akacheka, lakini hakuandika. Swaleha akampa chai ya maziwa matupu. Akanywa akafumba macho. Nikajua tumbo lake limekuwa upande wetu, imebaki kichwa.

Tukaenda zizi la kwanza, la Bishara. Akina mama wamesimama. Pauline akatoa tableti yake, kubwa kuliko yetu, akainua kidole, akaanza kumwonyesha wa kwanza. Bishara akajifunika uso. Mimi nikaushika mkono wa mtoto wa watu nikaushusha.

"Shusha kidole, binti."

"Sasa nitajuaje wapo wangapi?"

"Soma jina."

"Mzee, hii si shule."

"Soma!"

Akasoma: "Dimtu." Nikaita, "Dimtu!" na Dimtu akainua kichwa, akatoka katikati ya wenzake akaja hadi kwenye fimbo yangu. Pauline akatazama sikio. Akatazama kioo. Akaweka alama. "Dalati," akasoma. Dalati akaja. Nikamwambia binti asogee, akadhani naongea na ng'ombe, akakaa palepale kushoto. Alipigwa teke moja tu, lakini lilikuwa zuri. Akainuka, akapangusa matope, akasoma maoni niliyoyaandika, akasema polepole, "Lakini mliniambia." Tangu hapo hakubisha tena juu ya kusoma majina.

Tulipita mazizi yote namna hiyo. Lakini nikuambie pale roho iliponidondoka. Zizi la Swaleha, akasoma, "Burre." Sikuita.

"Burre," akarudia kwa kelele.

Sikujifanya kutosikia, wallahi. Nikasema, "Hayupo."

Pauline akateremsha tableti. Nikamwona anachoka usoni, kama mtu aliyekuwa ametaka kuamini. "Mzee, huko nilikotoka jana, kituo gani sitasema, walijaza nambari nzuri ya mviringo. Nimekuta nusu yake, na waliobaki ni mbuzi. Nawe una mtu hewa?"

"Gusa jina lake," nikamwambia.

Akagusa. Kitone cha kijani. Akasoma mwenyewe: likizo ya uzazi, toka tarehe 1 Julai. "Yuko wapi?"

"Kau, kwenye nyasi, anangoja siku yake."

"Na nitaaminije? Likizo mtu yeyote anaweza kuandika."

Hapo Swaleha akasema, "Tazama lita zangu." Na wewe unajua Swaleha hasomi, lakini kila asubuhi anajaza lita. Pauline akafungua upande wa maziwa, nyumba ya Swaleha. Zilikuwa zinapungua tangu katikati ya Juni, kidogo kidogo, na kufika tarehe 1 Julai zikashuka kabisa zikatulia hapo. Swaleha alijipunguzia mwenyewe kwa mkono wake na hakujua kama anatuwekea ushahidi. Pauline akatafuta wengine wote wenye kitone. Kila kitone na lita zake. Alikaa kwenye jiwe akifungua na kufunga milango, nami nikikaa karibu naye nikimwonyesha mingine asiyoijua. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema nilikuwa wa kwanza ngumbaru.

Mwisho akasema hivi, na Randu aliyarudia sikioni mwangu ili nisikose neno: "Mngeandika kule kwenye mifugo, ningekuwa na nambari moja mkononi. Ningefika hapa, ningekuta pungufu, ningefunga kitabu niende zangu. Huku ninajua nani hayupo na kwa nini." Akasema atawaambia wakubwa wake waache ng'ombe wabaki walipo. Wakibisha, atawahamisha yeye mwenyewe, kwa majina yao, na kisanduku cha idadi atakijaza yeye akiwa Malindi, mbali na mazizi yetu. Nikamwambia huko ni kwake na Mungu wake.

Kituo kimechaguliwa, Qabale. Tangi linakuja mwezi wa nane. Bishara alipiga kigelegele hadi ng'ombe wakakimbia, tukashinda tukiwatafuta.

Limebaki jambo moja. Mkataba unatiwa sahihi na meneja. Pauline akafungua jina lako, akaona. Hakuniuliza kitu, ana adabu. Akasema, "Mzee, kwa kuwa meneja hayupo, nikuandike wewe kuwa meneja? Ni kugusa tu."

Usicheke. Nilitamani. Kalla Abduba, meneja! Machifu wote sita wangegeuka makaburini. Nikamwambia aandike kaimu. Akasema kaimu sawa, lakini mfumo unataka tarehe ambayo meneja atarudi kazini, bila hiyo hauendi mbele. Nikasema acha wazi. Akaacha, kikawaka chekundu. Akasema, "Weka yoyote, mzee, itabadilishwa."

Nikasema siweki. Siku hiyo anayo Mwenyewe, na haihesabiwi kabla. Tukabaki tunatazamana, mimi na mashine na Pauline. Jua limepanda, watu wanangoja. Kisha akaguna, akafungua gurudumu lenye meno kwa neno lake la siri la wakubwa, akaenda ndani, na ndani zaidi, mlango ambao mimi sijawahi kuufungua, akazima kitu. Kisanduku kikatulia kikiwa kitupu. Nikatia sahihi. Nimeandika jina lote, herufi zote zimesimama.

Basi urudi siku utakayorudi, na mtakavyorudi, nami sitawahesabu.

Kama kuna atakayesema Kalla ametia chumvi, Swaleha alikuwepo tangu chai hadi sahihi. Randu alikuwepo, na yeye si Muorma, hana sababu ya kunipendelea. Bishara alikuwepo, ingawa alijifunika uso. Na aliye mbali amtafute Pauline, kiwanda cha maziwa, Malindi, amwombe apandishe suruali: alama ya kwato iko juu kidogo ya goti la kulia.

Kalla Abduba,
Kaimu Meneja